Katibu wa Drafti ya Basi

Jina lake ninalijua na sitaliandika. Sisi wote wa Njombe na Makambako tulimwita Katibu, hata wapiga debe wa stendi walimwita hivyo, ingawa ofisi iliyompa cheo hicho ilikuwa imeshafungwa kabla sijamfahamu. Alikuwa karani katika chama cha ushirika. Ushirika ulipokufa, wenzake walirudi kulima viazi au wakaingia kwenye mitumba, maana ilikuwa miaka ya ruksa na kila mtu alikuwa anauza kitu. Yeye hakuuza chochote. Alitoka ofisini na kaunta buku tatu ambazo hazijaandikwa na muhuri wa mpira uliokwanguliwa jina, akaanza kutafuta watu wa kuwaandika humo. Kilichomlisha ni shamba la mahindi la mkewe.

Nasema mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira. Anayetaka picha ya mzee mwema mwenye ndevu nyeupe akaitafute kwingine. Huyu ndevu hazikumwota, na ya wema wake nitayasema kwa sababu ni ya kweli, lakini nitayasema kwa shingo upande.

Alivaa koti la kahawia lililobaki na kifungo kimoja, kwenye baridi ya Njombe na kwenye vumbi la Makambako vilevile. Alizungumza kama anayesoma muhtasari wa kikao. Akiona mvua inanyesha alisema, "Imebainika kuwa mvua inanyesha." Akiletewa chai isiyo na sukari alisema, "Wajumbe wamelalamikia suala la sukari," hata kama mjumbe ni yeye peke yake. Kabla ya kusema lolote alikohoa mara mbili, na sisi tulimwigiza akishageuka. Sijui alizaliwa wapi. Sijui hata alisali wapi, kwa sababu Ijumaa alikuwa kwenye kaunta buku na Jumapili alikuwa kwenye kaunta buku.

Chama alichokianzisha kilikuwa cha drafti, ila si drafti ya kijiweni, ambako wawili wanacheza na kumi wanapiga kelele. Hii ilichezwa kwa basi. Kila mwanachama alikuwa na ubao wake nyumbani au dukani, kipande cha katoni kilichochorwa visanduku, na kete zake za vizibo vya soda. Visanduku vyeusi Katibu alivipa namba, moja hadi thelathini na mbili, ili ubao wa kila mtu uwe sawa na wa mwenzake. Mimi niliyeko Njombe nikisogeza kete kutoka ishirini na mbili kwenda kumi na nane, naandika namba hizo kwenye kikaratasi, nampa kondakta wa basi la Makambako. Katibu, aliyekaa Makambako, anakipokea stendi ya huko na kumfikishia mpinzani wangu. Mpinzani anasogeza kwenye ubao wake, anafikiri, anajibu, na jibu linarudi kwa basi la kesho yake. Mchezo mmoja uliweza kuchukua miezi miwili. Makondakta walitubebea bure, kwa sababu nusu yao walikuwa wanachama.

Kuna sheria moja nataka ieleweke vizuri. Kikaratasi ulichoandika wewe hakikufika kwa mpinzani. Katibu alikinakili kwa mwandiko wake mwenyewe, akagonga muhuri, akapeleka nakala. "Nyaraka halisi hubaki masijala," alisema. Masijala yenyewe ilikuwa katoni la sabuni chini ya kitanda chake. Kwa hiyo katika miaka yote minane niliyocheza sikuona mwandiko wa mtu yeyote wa Makambako zaidi ya wake. Tuliona ni ukarani tu, ugonjwa wa mtu aliyekosa ofisi, tukamwachia.

Mimi ni fundi wa kufuma masweta. Chumba changu cha kazi kilikuwa jirani na stendi ya Njombe, nilikuwa na mashine mbili, na wateja wangu wakubwa walikuwa shule. Mwanamke wa Njombe hakai kijiweni na wanaume akisukuma vizibo. Akikaa, jioni hiyohiyo mama mkwe ameshapata habari. Lakini drafti ya basi ilinifuata yenyewe mpaka kwenye mashine, imekunjwa ndani ya bahasha. Mume wangu hakuipinga, kwa sababu kwa mwaka mzima aliamini zile namba ni vipimo vya masweta. Baadaye chumba hicho kikawa ndipo wanapokutana wanachama wa Njombe, kila Alhamisi mchana, siku ambayo Katibu alipanda basi kuja kutukagua.

Kuanzisha chama si kazi. Miaka ile vyama vilianzishwa kila wiki, watu wakapiga picha, wakachagua mwekahazina, na baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka hata jina la chama. Kazi ni kumfanya mtu aliyejiandikisha mwaka jana aendelee kucheza mwaka huu, wakati mvua zimeanza, mbolea haijulikani itatoka wapi, na jirani amenunua video anaonyesha sinema za ngumi. Kazi hiyo Katibu aliiweza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, wachungaji na wenyeviti wa mtaa wakiwemo. Namchukia, lakini hilo siwezi kumnyang'anya.

Neno "kuacha" hakulikubali. "Mwanachama haachi," alisema, "mwanachama anachelewa." Ukikaa siku nne hujajibu, unamwona mlangoni. Hakugomba. Aliulizia mtoto wako kwa jina, akaulizia mguu wa bibi yako uliokuwa umevimba, akakohoa mara mbili, kisha akakuuliza ubao wako uko wapi. Ukisema umepotea, alikuwa na mwingine kwapani.

Kulikuwa na mpasua mbao mmoja aliyehamia msituni, upande wa Matembwe, bila kuaga, akiwa katikati ya mchezo na mwalimu mmoja wa Makambako. Wiki tatu kimya. Katibu alidandia lori linalokwenda kuchukua mbao, akashushwa kwenye tope, akamkuta bwana yuko juu ya gogo anavuta msumeno.

"Kamwene," Katibu akamsalimu kwa Kibena chake cha kuokoteza.

"Kamwene, Katibu. Umepotea njia?"

"Kikao kimeona kete yako iko kumi na tano, na hapo ilipo italiwa."

Mpasua mbao alitusimulia mwenyewe kwamba aliteremka kwenye gogo akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mbao. Alijibu palepale. Tangu siku hiyo alituma namba zake na madereva wa malori, na hakuchelewa tena.

Mtu akilegea, Katibu alimpa cheo. Mimi nilikuwa Mlezi wa Tawi la Njombe. Makondakta walikuwa Idara ya Usafirishaji. Mama mmoja muuza mkaa, ambaye hakuwahi kushinda mchezo hata mmoja, alifanywa Mshauri wa Ulinzi, na alikuwa akija Alhamisi amevaa kitenge kipya kwa ajili ya ushauri huo. Vyeo havikuwa na kazi yoyote. Lakini jaribu kumwambia mtu mwenye cheo kwamba wiki hii asije.

Na tawi zima likilala, alileta fitina. Alhamisi moja alikaa kwenye kigoda changu, akakataa chai, akasema kwa masikitiko kwamba wenzetu wa Makambako wanasema Wabena wanajua viazi tu, drafti wawaachie watu wa mjini. Tulichemka. Wiki ile tulicheza kuliko mwezi mzima uliotangulia. Baadaye tukaja kugundua kwamba Makambako hakuna aliyesema hivyo, na wao waliambiwa sisi tumesema mji wao una vumbi na malori lakini hauna akili. Tulicheka sana. Hilo ndilo linaloniudhi nikilikumbuka. Tulimjua ni mwongo. Tulimwona akidanganya mchana kweupe kwa faida ya chama, na tukamsifu kwa ujanja wake.

Yeye mwenyewe alikuwa hachezi. Alisema msajili hapaswi kuwa na upande, lakini ukweli ni kwamba alikuwa hajui. Siku moja nilimlazimisha tucheze uso kwa uso tukingojea basi. Alicheza kwa uroho. Ukimwekea kete ya bure anaila bila kutazama kilicho nyuma yake, na akishaila anashangaa zake tatu zimekwenda wapi. Nilimmaliza kabla chai haijapoa. Alikubali kushindwa kwa sauti ya kikao na akasema matokeo hayo yasiingizwe kitabuni.

Ya wema wake ni haya. Mwanangu wa pili alipolazwa na surua, Katibu alikuja kila siku kutoka Makambako, wiki nzima. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi na kalamu yake. Nikienda kuoga alimpokea mtoto, akamwimbia nyimbo za shule kwa sauti mbaya. Wiki ile hakunitajia drafti hata mara moja. Mtoto alipona, na mimi niliamini nimempata ndugu.

Sasa mpinzani wangu. Alikuwa Mama Zuhura, mwenye mgahawa wa madereva jirani na reli, Makambako. Alikuja na mumewe kutoka Kondoa kufuata biashara ya malori. Mume akafariki, yeye akabaki na sufuria zake na watoto. Alijua kusoma kidogo, kuandika alisumbuka, kwa hiyo namba zake alimtajia Katibu mdomo kwa mdomo, na chini ya namba alimwambia aongeze neno. "Wali umeungua leo, nilikuwa nafikiria kete yako." "Baridi yenu imeshuka mpaka huku, mnaituma makusudi?" "Zuhura amepata mchumba, sijui nicheke." Na mimi nikamwandikia yangu, ya mume, ya mashine iliyogoma, ya shule iliyogeuza rangi ya sweta baada ya mimi kununua nyuzi. Mambo ambayo sikumwambia hata dada yangu nilimwambia Mama Zuhura, kwa kupitia mwandiko wa Katibu.

Tulionana mara mbili tu. Mara ya kwanza nilishuka kununua nyuzi, akanipa wali na nyama akanikataza kuondoka mpaka nimalize. Mara ya pili yeye alikuja Njombe kutafuta viazi. Mara zote mbili hatukucheza. Tulikaa tukatazamana tukicheka kama watoto walioiba maandazi.

Alikuwa hafungiki. Miaka yote hiyo tulitoka sare mara tatu, na zilizobaki alinifunga yeye. Alikuwa na subira ya kutisha. Anakuachia kete, unajua ni mtego, unakaa nayo siku tatu ukijishawishi kwamba safari hii si mtego, unaila, unaisha. Nilitaka kumfunga mara moja tu kabla hatujazeeka. Nilimwandikia hivyo, naye akajibu, "Utangoja sana, mdogo wangu."

Mwaka wa nane maneno ya chini ya namba yakapungua. Yakawa "Salamu." Yakawa "Nzima." Kisha zikabaki namba tupu na muhuri. Niliwaza nimemkosea. Nilikuwa nimemtania juu ya mkwe wake mtarajiwa, nikadhani utani umepita kiasi. Nikaandika barua ya ukurasa mzima kuomba radhi. Jibu lilikuja na basi la kesho yake: "Usijali. Tuendelee."

Tukaendelea. Na Mama Zuhura akaanza kula kila kete niliyomwekea. Sikuamini. Nikamtegea mtego wa kitoto, akauingia. Nikamtegea wa pili, akauingia. Baada ya wiki tano nilimfunga, na alibakiwa na kete moja kona ya ubao. Alhamisi ile nilinunua kreti ya soda kwa wanachama wote. Muuza mkaa alipiga vigelegele. Katibu alikuwepo. Aliandika matokeo kitabuni, akapiga makofi, akanywa soda ya chungwa mpaka chini.

Bado nilitaka kupatana naye kabisa, kwa hiyo nikamfumia sweta, la buluu, mikono mirefu, kwa sababu alikuwa akilalamikia upepo wa Makambako. Jumamosi moja nikashuka nalo. Mgahawani nilimkuta binti, Zuhura, anakoroga maharage. Aliniona, akanitambua, hakuinuka.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Mama yupi?"

"Mama yako. Nimemletea kitu."

Alinionyesha benchi, akachukua kikombe, akaanza kumimina chai. "Mama tulimzika," alisema akiwa amenipa mgongo. "Mahindi yalikuwa bado mabichi."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa, yameshapukuchuliwa, na watu walikuwa wanatayarisha mashamba upya. Katika pochi yangu kulikuwa na kikaratasi cha Alhamisi ya juzi, tisa kwenda kumi na tatu, mchezo mpya, kimegongwa muhuri.

"Mbona hatukuambiwa?" nikauliza.

"Mliambiwa. Katibu alikuwa hapa siku zote tatu. Alibeba maji, alikwenda makaburini na wanaume. Siku ya hitima akasimama akasema wanachama wa Njombe wanatoa pole, wamezuiwa na kazi, watakuja. Alikutaja wewe kwa cheo chako. Mama wadogo wakawa wanauliza, huyo rafiki wa Njombe mbona haji. Arobaini ikapita. Wakasema basi, watu wa huko ndivyo walivyo."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Harusi unaweza kuikosa ukasema uliumwa. Kutokwenda kumzika rafiki yako, wakati habari umepata na basi lipo, ni kuwaambia watu wake kwamba hakuwa rafiki. Na mimi nilikuwa nimesemewa hivyo, kama kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, na mtu niliyemwachia mtoto wangu mgonjwa. Nilitoka pale mgahawani kwa hatua ndefu. Sikumbuki kama sweta nililiacha mezani au lilianguka njiani.

Nilimkuta stendi, kwenye benchi lake, kaunta buku iko magotini. Nikaweka kikaratasi juu ya ukurasa.

"Hii ni ya nani?"

Akakohoa mara mbili. "Suala hilo lilikuwa liletwe kwenye kikao."

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Ya mwanachama namba nne."

"Mwanachama namba nne yuko wapi?"

Alifunga kitabu. Halafu kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kama mtu wa kawaida. "Ningekuambia, ungeacha. Ninakujua, Fundi. Ukiacha wewe, Njombe yote inaacha, maana wanakuja kwako. Huku tumebaki sita. Makondakta niliwaambia habari nitaifikisha mwenyewe. Nilisema nimalizie mchezo mmoja tu, ule aliouacha, halafu nikuambie. Kisha ukaandika ile barua ya kuomba radhi. Nikaisoma hapa hapa. Sikuweza."

"Ukanijibu tuendelee."

"Ndiyo."

"Ukapiga makofi. Ukanywa soda yangu."

"Ndiyo."

"Na pole? Pole uliyowapa ni ya nani?"

"Niliona si vizuri Njombe ikose kutajwa."

Nilimwambia maneno kwa Kibena ambayo sitayaandika hapa. Hakuyaelewa yote, lakini makondakta waliyaelewa na walisogea pembeni. Nilimnyang'anya kitabu nikakitupa barabarani, basi la Songea likapita juu yake. Aliinuka kwenda kukiokota, na mimi nikapanda basi la kurudi nyumbani bila nyuzi nilizofuata.

Alhamisi iliyofuata niliwaeleza wanachama. Nilitegemea watawaka. Muuza mkaa alilia kidogo. Mpasua mbao alikuna kichwa, akasema, "Amekosea, ndiyo. Lakini bila yeye tungejuana sisi?" Nilimfukuza chumbani kwangu, na yeye hakuwa na kosa lolote. Ubao wangu nikawashia moto. Katibu hakupanda tena Njombe. Kwa miezi miwili watu walikuja Alhamisi kwa mazoea, wakakaa, wakaulizana bei ya mbolea, wakaondoka. Kisha hawakuja. Chama kilikufa vilevile alivyosema kitakufa, na mpaka leo wapo wanaosema aliyekiua ni mimi. Sijawajibu.

Makambako nilikuwa napita kwa lazima tu, na nikipita sikugeuza shingo upande wa reli. Ningekwenda kumwambia nini yule binti? Kwamba nilikuwa nacheza na karani nikidhani ni mama yake? Kila nilipowaza kwenda, hasira ilinipanda upya, nikaahirisha. Ikapita miaka tisa. Simu za mkononi zikaja, mashine yangu moja ikafa, mitumba ikaua biashara ya masweta ya watu wazima nikabaki na ya shule. Niliwasimulia watu kisa hiki mara nyingi, na kila niliposimulia nilimkuta Katibu ana makosa kuliko mara iliyopita.

Mwaka ule mwanangu, yuleyule aliyeugua surua, alikuwa anaomba chuo, na fomu ilitakiwa itumwe kwa intaneti. Njombe umeme ulikuwa umekatika. Nikashuka naye Makambako, kwenye chumba kimoja chenye kompyuta tano. Mwanangu akakaa kwenye moja. Kwenye ya mwisho, karibu na ukuta, alikaa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwenye kioo mbele yake kulikuwa na ubao wa drafti.

"Fundi," alisema, kana kwamba tumeachana juzi. "Karibu kiti."

Sikukaa. Yeye akaanza kunionyesha. Alikuwa amepata chama kingine, humo ndani ya kompyuta. Watu kumi na saba, hakuna anayejua sura ya mwenzake, majina yenyewe si majina. Mmoja yuko India, mmoja alisema yuko kwenye meli. Kila asubuhi Katibu anakuja, anawaandikia mmoja mmoja kwa Kiingereza chake cha ofisini, anawaulizia hali, anawapangia wapinzani. Walikuwa wamempa yeye cheo, safari hii. Kulikuwa na jina moja limefifia rangi.

"Huyu ana miezi miwili kimya," alisema. "Humu mtu akinyamaza hujui ameacha au amekufa. Wenzake wameniuliza. Nimewaandikia kwamba sijui." Alinitazama juu ya miwani. "Nimewaambia ukweli, Fundi. Sijui."

Nadhani alitaka nimsifu. Nadhani ile ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi, kuniletea maiti ya mtu mwingine aliyoiripoti vizuri.

"Inuka," nikamwambia. "Twende kwa Zuhura. Ukamwambie kwa kinywa chako kwamba sisi hatukujua."

Nilitegemea atasema jambo hilo lipelekwe kikaoni. Hakusema. Alizima kile alichokuwa anafanya, akamlipa mwenye chumba, akatangulia.

Zuhura alikuwa ameupanua mgahawa, amejenga ukuta wa matofali, amenenepa kidogo, amefanana na mama yake kiasi kwamba nilisimama mlangoni. Katibu alivua kofia. Alisema alichotakiwa kusema, bila kupindisha. Kwamba watu wa Njombe hawakupewa habari. Kwamba pole aliyoitoa siku ya hitima aliitunga. Kwamba alicheza kwa jina la marehemu kwa miezi, kwa sababu aliogopa chama kitakufa. Nilisimama nyuma yake nikisikiliza kila neno, na nikiri kwamba nilifurahi. Miaka tisa nilikuwa nimeisubiri siku hiyo.

Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho huku anafuta mikono kwa khanga.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu siku ile mama huyu alipokuja. Mtu anayejua msiba haji na zawadi ya marehemu." Kisha akanigeukia. "Wewe sikuwa na kinyongo na wewe kwa kutokuja kuzika. Ulikuwa hujui. Lakini siku ile ulijua, mama. Ulisimama hapo ulipo, nikakuambia mama amekufa, ukaniuliza mbona hamkuambiwa. Hukuniambia pole. Ulitoka mbio kumtafuta huyu. Mimi nikabaki na chai niliyokumiminia. Nikasema atarudi, ana hasira tu, atarudi. Miaka tisa."

Katibu alitazama chini. Hasira yote niliyokuja nayo ilikuwepo, sikupata pa kuiweka.

"Pole, mwanangu," nikasema.

"Asante."

Dereva mmoja mezani aliomba chumvi, akapewa.

"Kaburi liko wapi?" nikauliza. "Nipeleke."

"Kaka zangu wako safarini na mimi kule huwa siendi," Zuhura alisema. "Anayelijua ni huyu. Kila mwaka kabla ya mfungo anakwenda kulifyeka."

Nikamgeukia Katibu. Alikuwa ameshafika mlangoni, amesimama pembeni ili nipate nafasi ya kupita, ananingoja. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa yote aliyonifanyia, nikamfuata.